Kijiko, Kisha Ngoja

Kwetu, kwenye vilima vya kaskazini mwa Ulanbata,
mgeni hapigi hodi. Husimama nje ya ua wa mbao
akapaza sauti: "Shikeni mbwa!"
Mbwa hushikwa, chai ya maziwa hutiwa chumvi.

Huyu hakusema neno.
Alikuja na ngamia wa mti wa shule ya chekechea,
ambaye Temulen alimtia kinywani
akiwa bado na mate ya mtoto wa Sarnai.
Na mbwa wetu, abwekeaye hata theluji,
alilala.

Saa nane usiku mtoto aliketi wima gizani
kama mtu aliyekumbuka deni,
akatapika juu ya blanketi, juu ya nywele zangu,
juu ya jiko la moto, na jiko likatoa harufu
ambayo sitaisimulia.
Kisha akanitazama kwa haya.
Ana miezi kumi na minne.
Nani alimfundisha haya?

Nje, nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri.
Ndani, dumu la lita ishirini, nusu.
Kioski cha maji hufunguliwa saa nne.
Nikapiga hesabu:
haya ya shuka, haya ya mikono, haya ya kunywa.
Hesabu ikagoma.

Mama mkwe, Dulmaa, alisema mtoto ameshtuka,
roho yake imeruka ikakaa kando ya mwili.
Akamfukizia mreteni, akizungusha moshi kichwani.
Sikumkataza. Moshi ulinukia kuliko sisi.

Muuguzi Tsendsuren, kwenye simu:
"Huenda ni rota, huenda ni noro.
Mmoja hupenda baridi,
mwingine hupenda watu wengi chumba kimoja,
nanyi mna vyote viwili."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Akilia, machozi yanatoka? Kinywa je? Utosi?
Nepi ililowa mara ya mwisho lini?"
Aliuliza kama fundi anayekagua kisima.
"Vile vidonge vya rangi mbili vya jirani, viache;
kirusi hakina masikio ya kuvisikia.
Mpe chumvichumvi. Kijiko, kisha ngoja.
Akilegea, akikataa hata kijiko,
njooni, hata usiku, hata kwa miguu."

Kijiko. Ngoja.
Makaa yanaguna. Kijiko.
Amekitema. Ngoja, ngoja zaidi.
Kijiko.
Ganzorig akapiga simu kutoka foleni ya malori mpakani:
"Amekula?"
"Vijiko tisa vimekaa."
Akanyamaza. Nilimsikia akihesabu.

Aliyesema mgeni njoo, mwenyeji apone,
hakuwahi kulala na huyu.
Usiku wa pili Dulmaa mwenyewe alitoka nje mara saba,
mreteni mkononi, akiitukana roho yake
kwa kukaa mahali pake.

Shuka niliianika. Ikasimama kama mlango
usio na nyumba.

Siku ya tatu, wanasema, mgeni mpe jembe.
Ardhi yetu ni jiwe hadi mwezi wa tano;
angelima nini?
Lakini alfajiri ya siku hiyo nepi ililowa.
Nilimwamsha Dulmaa nimwonyeshe mkojo
kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali.
Tukaigusa wote wawili. Vuguvugu.
Kisha tukanawa kwa sabuni, tukamaliza maji,
wala hatukujuta.

Usiku uliofuata taa iliwaka kwa Uranchimeg.
Nikasikia kupitia sufu ya hema
sauti ile, ninayoijua sasa kama jina langu.
Pakiti mbili za chumvichumvi zilikuwa zimebaki.
Nikavaa koti la Ganzorig, nikachukua kijiko,
nikasimama nje ya ua wake, pumzi ikiganda kwenye kope,
nikapaza sauti:
"Shikeni mbwa!"